Namna ya Kuposa Programu ya Sauti Ukiwa Mtu wa Linux

Kila mwezi hunijia kijana mmoja au wawili na swali lile lile. Huyu ana kwaya, yule anarekodi mawaidha, mwingine anataka kuanzisha kipindi cha kuchambua mpira. Amenunua laptopu ya mtumba, akakuta haiwezi kubeba Windows 11, rafiki yake akamwekea Linux, na sasa amesimama mlangoni pangu: "Kaka, nitumie programu gani kuhariri sauti?" Huuliza kama anayeulizia basi la Lushoto, kana kwamba liko moja tu na tayari linanguruma.

Humkaribisha ndani, nikampa maji, nikamweleza kwamba swali hilo halijibiwi kwa jina moja. Programu ya kuhariri sauti utakesha nayo, watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Itakusikia ukikohoa, ukikosea jina la mgeni wako, ukirudia sentensi moja mara tisa. Shughuli ya namna hiyo ni posa, na posa ina taratibu zake. Kuna kujichunguza mwenyewe, kuna kuulizia ukoo, kuna mahari, kuna wakwe. Na kuna talaka, ambayo mwenye busara huiulizia kabla ya harusi.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Linux peke yake. Wenye Windows na wenye Mac wana washenga tele. Mtu wa Linux mara nyingi ameingia kwa lazima: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Laptopu nyingi zilizopangwa kwenye maduka yetu ya mitumba zilizaliwa kabla ya hapo. Bado ni nzima. Yenye RAM ya gigabaiti 4 huhariri maongezi ya saa nzima bila kutoa jasho, mradi usifungue madirisha ishirini ya kivinjari pembeni. Wengi huwekewa Ubuntu, jina lililotoka kwa Wazulu na Waxhosa na ambalo ni ndugu wa damu wa utu wetu. Nalipenda jina hilo, na naipenda kazi waliyoifanya.

Kwanza futa orodha ya wasiooleka. Kama ulijifunzia studio, huenda moyo wako uko kwa Adobe Audition, ambayo wakubwa wako waliijua kwa jina la Cool Edit Pro kabla Adobe haijainunua mwaka 2003. Haina toleo la Linux. Kama ulilelewa na watengeneza midundo wa Bongo Fleva, utaitaka FL Studio. Nayo haina. Kuna mlango wa uani unaoitwa Wine, unaozifanya programu za Windows ziamini kwamba zipo kwao, na wako wanaoupita na kufanikiwa. Lakini kwa kazi ya kukata na kusafisha sauti za watu, sioni sababu ya kuingia nyumba ya watu kwa uani wakati sebuleni wamekaa wachumba wazuri wanaokusubiri.

Jiulize kabla ya kuuliza

Kabla ya kutaja jina lolote, jibu maswali matatu.

La kwanza, utakuwa na sauti ngapi kwa wakati mmoja? Mtu mmoja anayesoma hadithi ni jambo moja. Watu wawili wanaobishana, muziki chini yao na tangazo katikati, ni jambo lingine. Kwaya ya watu arobaini yenye maikrofoni nane ni mji mzima.

La pili, je, utaimba au kupiga chombo huku unasikiliza kilichokwisha kurekodiwa? Kama ndiyo, kuchelewa kwa sauti kidogo tu masikioni kutakuvuruga, na itabidi uwajue wakwe vizuri, ambao nitawaeleza. Kama utazungumza tu, jambo hilo halikuhusu na wala lisikunyime usingizi.

La tatu ndilo ninalolishikilia, na ndilo wanaonijia hawaliulizi. Je, kuna mtu atakayetaka kuisikia sauti hii miaka ishirini ijayo, tena isiyokatwa?

Nitasimulia kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi shangazi yangu akieleza harusi yake. Alikaa juu ya mkeka, feni ikizunguka, akazungumza dakika hamsini. Alikuwa na namna yake ya kusita. Kila alipofika karibu na jina la marehemu mumewe alinyamaza, kimya kirefu kidogo, ukisikia feni na kuku wa jirani, ndipo akalitaja. Mimi nilikuwa nimejifunza efekti mpya, ile inayotafuta vimya vyote kwenye rekodi na kuvifupisha kwa mkupuo mmoja. Nikaitumia. Dakika hamsini zikawa thelathini na nane. Nikapunguza kelele ya feni, nikabonyeza kuhifadhi, faili mpya ikakaa juu ya ile ya zamani kwa jina lile lile. Programu siitaji, maana ilifanya nilichoiamuru.

Baada ya muda binamu yangu aliniomba ile rekodi. Akaisikiliza, akaniuliza: "Mbona mama anazungumza kama mtangazaji?" Nikaitafuta ya asili. Haikuwepo. Nikarudi kwa shangazi, nikamwomba asimulie tena, naye kwa wema wake akasimulia. Safari hii alilitaja jina la mumewe upesi, bila kusita, akapita. Nilipomuuliza alisema: "Siku ile nilikuwa nakumbuka, mwanangu. Leo nakuhadithia."

Tangu siku hiyo nimezigawa programu za sauti mafungu mawili. Kuna za talaka rejea na kuna za talaka tatu. Ya talaka rejea haiigusi faili ya asili. Ukikata, inaandika tu kwenye kumbukumbu zake kwamba "kuanzia hapa hadi hapa pasichezwe", na mwakani ukitaka kukirudisha kipande kile unavuta ukingo wake, nacho kinarejea kama hakijawahi kuondoka. Ya talaka tatu inaifungua faili yenyewe, inaikata nyama yenyewe, na ukishahifadhi na kufunga hakuna kadhi wa kukusuluhisha. Fungu hili la pili si baya. Lina wepesi wake na mahali pake. Ila uingie ukijua.

Wachumba

Anza na wa mtaani, anayejulikana na kila mtu. Audacity ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, kwa mikono ya Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg, na ikatolewa kwa umma Mei 2000. Ni programu huria na haina mahari. Utaikuta kwenye stoo ya programu ya Linux karibu yoyote. Faida yake kubwa ni kwamba umati umeshapita njia hiyo kabla yako: ukikwama saa sita za usiku, kuna mtu amekwisha kukwama hapo hapo na ameeleza alivyojinasua.

Iko fungu gani? Kwa miaka mingi ilikaa katikati. Ulipokuwa unafanya kazi, ungeweza kutengua hatua zako zote hadi mwanzo. Ukifunga mradi, historia ile ilikwenda na maji. Toleo la 3.1, la mwishoni mwa 2021, lilileta vipande ambavyo unaweza kuvuta kingo zake na kukirejesha ulichokificha, na toleo la 3.2 la mwaka 2022 likaleta efekti zinazofanya kazi wakati sauti inacheza, ambazo unaziwasha na kuzizima bila kuigusa sauti yenyewe. Kwa hiyo sasa imesogea sana upande wa talaka rejea, lakini kwa masharti. Ukikata kwa kuvuta ukingo, utarudi. Ukichagua eneo na kulifuta kama zamani, au ukitumia efekti za kwenye menyu kama ya kupunguza kelele, sauti imebadilishwa. Jifunze kuitofautisha mikato hiyo miwili siku ya kwanza kabisa.

Jambo jingine ni mizigo yake. Zamani mradi wa Audacity ulikuwa faili ndogo ya .aup pamoja na folda pembeni yenye jina linaloishia na _data, na sauti yote ilikuwa ndani ya folda. Watu walichukua faili ile ndogo kwenye flashi, wakasafiri nayo, wakafika na karatasi ya ndoa bila mke. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 lilikusanya kila kitu kwenye faili moja ya .aup3, na msiba ule ukaisha. Lakini faili hiyo ni nene. Audacity kwa kawaida hurekodi kwa biti 32, hivyo saa moja ya mtu mmoja kwa sampuli 44,100 kwa sekunde huzidi megabaiti 600 hata kabla hujafanya lolote, na kila efekti unayoiweka juu ya rekodi nzima huongeza mzigo karibu kama huo wakati unafanya kazi. Kwa diski ya gigabaiti 128 piga hesabu mapema.

Tena usiisahau FFmpeg. Simu nyingi hurekodi faili za m4a, na sauti za WhatsApp huja kwa mfumo wa Opus. Nusu ya kazi za kwetu huanzia humo: mjumbe wa kamati ametuma salamu zake kwa simu, unazitaka ndani ya kipindi. Audacity iliyounganishwa na FFmpeg hufungua hizo zote, na kwenye Linux kuisakinisha FFmpeg ni kazi ya dakika moja.

Utasikia pia maneno ya mtaani kwamba Audacity iliolewa na kampuni. Ni kweli, mwaka 2021 ilichukuliwa na Muse Group, na mwaka huo huo kukazuka ugomvi mkubwa kuhusu mpango wa kukusanya taarifa za matumizi, hadi wengine wakajitenga na kuanzisha tawi lao lililokuja kuitwa Tenacity. Msimbo wa Audacity umebaki huria, kila mtu anaweza kuukagua. Mimi naitumia na nalala. Walioleta ule ugomvi nawaheshimu, kwa sababu waliifanya kazi ya wazee wa ukoo: waliuliza hadharani nani anaingia nyumbani na anaondoka na nini.

Mchumba wa pili ni mgeni kutoka Brazil, anaitwa ocenaudio, mwenye chimbuko katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Santa Catarina. Mwepesi mno. Hufungua faili ndefu kabla hujameza mate, na unapojaribu efekti unasikia matokeo papo hapo huku unazungusha vitufe. Hulipi kitu, ingawa msimbo wake haukuwekwa wazi. Hana traki nyingi, na ni wa talaka tatu waziwazi: umefungua faili, umeikata, umeihifadhi, basi. Namtumia kila siku kwa kazi ndogo, kupunguza sekunde za mwanzo, kupandisha sauti iliyo chini, kukata kipande cha sekunde thelathini cha kutuma. Huwa nampa nakala. Ya asili haioni.

Wa tatu ana historia itakayowagusa waliokaa kwenye intaneti kafe miaka ya 2000 mwanzoni. Mnaikumbuka Winamp, kidirisha kile cheusi chenye vijistari vya kijani vinavyorukaruka? Aliyeiandika, mwaka 1997, ni Justin Frankel, na huyo huyo ndiye aliyekuja kuanzisha Reaper kupitia kampuni yake ya Cockos. Reaper ina toleo la Linux lenyewe, bila kupitia uani. Ni ndogo kiasi kwamba utaishusha kwa megabaiti chache za bando, na inakwenda vizuri kwenye mashine ya zamani kuliko unavyotarajia. Mahari yake ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ndogo, na inakupa fungate ya siku 60 bila kukufungia chochote. Baada ya siku hizo itakukumbusha kila ukiifungua, haitakufukuza. Nawaomba wanaoipenda walipe. Nimeona watu wakijisifu kwamba wameitumia miaka mitano kwa fungate, nami nawaambia usoni kwamba wanakula pilau la mtu asiyealikwa kwenye meza yake mwenyewe.

Reaper ni talaka rejea kwa tabia. Sauti zako zinabaki kama zilivyo, kama WAV ya kawaida ukirekodi hivyo, na mradi wenyewe ni faili ya maandishi matupu ambayo hata kihariri maandishi cha kawaida kinaifungua. Maana yake Reaper ikifa kesho, sauti zako zipo, na ramani ya namna ulivyozipanga inasomeka kwa macho. Ugumu wake ni wingi wa menyu. Siku ya kwanza utahisi umeingia Kariakoo mwezi wa Desemba. Jifunze mambo sita tu: kurekodi, kugawa kipande, kuvuta ukingo, kufifisha, kuweka efekti kwenye traki, na kutoa faili ya mwisho. Mengine yatakufuata yenyewe.

Wa nne, Ardour, ni mwenyeji hasa wa Linux. Baba yake ni Paul Davis, aliyekuwa miongoni mwa waandika programu wa mwanzo kabisa wa Amazon, kisha akaacha na kujitolea miaka mingi kwa sauti za Linux. Mahari ya Ardour ni ya heshima: kwenye stoo ya Linux mara nyingi utaikuta bure, na ukitaka toleo lililokamilishwa na waandishi wenyewe unalipa unachoweza. Nayo haigusi sauti ya asili. Kila kikao chake ni folda, ndani yake mna rekodi zako zikiwa faili za kawaida. Kwa kwaya yenye maikrofoni nane ningemposa huyu. Kwa mtu mmoja anayesoma hadithi ni sawa na kukodi basi la abiria sitini kwenda kununua mkate.

Wapo wengine na nitawapita. LMMS ni ya kutengeneza midundo, Hydrogen ni ya ngoma, Qtractor ya Mreno Rui Nuno Capela ni nzuri na haina makuu. Kwa wasioogopa dirisha jeusi la amri ipo SoX, iliyoanza 1991, inayoweza kubadilisha faili mia mbili kwa mstari mmoja wa maneno ukiwa unakunywa chai. Hizo utaziposa baadaye. Linux haikatazi mitara.

Wakwe

Kwenye Linux huoi programu peke yake. Chini yake kuna ukoo unaoshughulikia safari ya sauti kutoka maikrofoni hadi masikioni, na ugomvi mwingi unaodhaniwa ni wa programu ni wa wakwe.

Babu wa wote ni ALSA. Anaishi ndani ya kiini cha Linux na ndiye anayezungumza na vifaa. Juu yake alikuja PulseAudio, aliyeanzishwa na Lennart Poettering mwaka 2004, kazi yake kuchanganya sauti za programu nyingi ili muziki na simu ya video visigombane. Upande wa wanamuziki alikaa JACK, kazi ya yule yule Paul Davis, mkali wa wakati, asiyevumilia ucheleweshaji. Kwa miaka mingi PulseAudio na JACK hawakukaa chumba kimoja. Ukimwita mmoja, mwingine ananuna, na kijana wa watu anabaki na kompyuta bubu nusu saa kabla ya kurekodi. Ilikuwa taabu ya kweli, na wengi walikimbia Linux kwa sababu hiyo tu.

Suluhu imeletwa na PipeWire, mradi wa Wim Taymans, anayezijua lugha za wote wawili. Fedora iliifanya mwenyeji wa sauti mwaka 2021 katika toleo la 34, na Ubuntu ikafuata kwenye 22.10. Ukisakinisha Linux ya leo, kuna uwezekano mkubwa PipeWire yuko tayari na hutahitaji hata kumsalimia. Hivyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mfupi: chukua toleo jipya, usifuate maelekezo ya mwaka 2012 yanayokuamuru uondoe hiki na kuweka kile.

Kwa waimbaji peke yao niongeze hesabu moja. Ukiweka bafa ya sampuli 1,024 kwenye mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu la sauti linasubiri milisekunde 21, na sauti inalisubiri fungu zaidi ya mara moja njiani. Mwimbaji atahisi kuna mtu anamuigiza masikioni. Ukishusha hadi 256, subira ya kila fungu inakuwa milisekunde 5 na kitu, ataimba kwa raha. Prosesa nayo itafanya kazi zaidi, na mashine ya zamani inaweza kuanza kukwaruza, kwa hiyo shusha taratibu, simama kabla ya mikwaruzo. Ukiwa unahariri tu, irudishe juu na uiache.

Maikrofoni ya USB inayofuata kanuni za kawaida haihitaji kusakinishiwa chochote. Unaichomeka, ALSA anaipokea. Kwenye duka muulize muuzaji akuruhusu uijaribu kwenye laptopu yako kabla hujatoa hela.

Yasiyotibika kwa posa

Hakuna mchumba atakayekuondolea chumba kibaya. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakibadilisha programu nne kuukimbia mwangwi wa sebule yenye vigae. Hamia chumba cha kulala, kaa karibu na godoro, tundika kanga na mablanketi nyuma ya maikrofoni na nyuma yako. Zima feni dakika zile unazorekodi, ufungue dirisha ukimaliza. Chomoa chaja, urekodi kwa betri: umeme wetu wa Afrika Mashariki hupiga mawimbi 50 kwa sekunde, na chaja mbovu hupenyeza mvumo wake kwenye rekodi, mvumo wa hezi 50 na watoto wake wa 100 na 150. Ukiingia, chujio la kukata sauti za chini ya hezi 80 litapunguza ule wa chini, lakini watoto wake watabaki wamekaa ndani ya sauti ya mtu.

Kabla mzungumzaji hajaanza, rekodi sekunde kumi za kimya cha chumba. Audacity hukihitaji kimya hicho ili ijifunze kelele ya chumba chako ndipo iipunguze. Na uipunguze kidogo. Desibeli 6 hadi 9 zinatosha. Ukizidisha, mtu anasikika kama anazungumza kutoka ndani ya mtungi wa maji. Feni kidogo inayosikika kwa mbali haijawahi kumfukuza msikilizaji. Kwa shangazi yangu, ile feni ilikuwa sehemu ya chumba, na chumba kilikuwa sehemu ya harusi.

Viwango navyo: wakati wa kurekodi, vilele vya sauti viguse kati ya desibeli -12 na -6, visifike sifuri, maana sauti iliyopasuka haina dawa. Ukimaliza kuhariri kipindi cha stirio, sawazisha hadi LUFS -16, kipimo ambacho watengeneza vipindi vingi vya mtandaoni hukilenga. Audacity ina chombo hicho, na Reaper pia inacho.

Halafu fungua folda, uiite "asili". Kila rekodi iingie humo kabla ya jambo lolote, ukiwa bado hujaisikiliza. Bonyeza sifa za faili, uondoe ruhusa ya kuandika juu yake. Nakala moja iende kwenye diski ya nje, nyingine kwa ndugu unayemwamini katika mji mwingine. Saa nzima ya WAV ya mtu mmoja kwa biti 16 ni kama megabaiti 320, na flashi ya gigabaiti 64 inabeba masaa karibu mia mbili. Hapo huna kisingizio cha nafasi.

Siku ya kuonana

Sasa uko tayari kukutana na wachumba wenyewe. Usiwaposee kwa picha wala kwa sifa za watu. Sakinisha watatu: Audacity, Reaper, na ama ocenaudio au Ardour kulingana na jibu lako la swali la kwanza. Chukua rekodi ya dakika tatu, ya mtu unayempenda, si sauti yako, kwa sababu sauti yako utaihurumia au utaichukia. Iwe na kikohozi ndani yake. Kama haina, mwombe akohoe.

Fanya kazi ile ile kwenye kila programu. Ondoa kikohozi, weka muziki mwanzoni ufifie anapoanza kuzungumza, toa faili ya mwisho. Angalia ni wapi ulisitisha kusikiliza ukaanza kutafuta kitufe. Angalia feni ya laptopu inavyohangaika. Kisha, katikati ya kurekodi, zima mashine ghafla kama TANESCO wanavyoweza kukuzimia, betri ikiwa imeisha, uone ukiwasha tena umerudishiwa nini.

Hifadhi mradi, funga kila kitu, ukalale. Kesho yake, baada ya chai, fungua ule mradi kwenye kila programu na ujaribu kukirudisha kile kikohozi. Kikirudi mahali pake, na pumzi iliyokitangulia, na kimya kilichofuata, andika barua ya posa.